Karatasi ina pambizo

"Habari Wasifu, tumepokea maombi yako."

Ndivyo nilivyosalimiwa na kazi ya kwanza niliyoiomba mtandaoni. Jina langu si Wasifu. Juu ya ukurasa wa kwanza wa CV yangu nilikuwa nimeandika WASIFU BINAFSI, herufi kubwa, zimekolezwa na kupigiwa mstari, kama tulivyofundishwa. Jina langu likafuata chini yake kwa herufi za kawaida. Programu inayowasomea waajiri CV ikaukuta mstari wa kwanza, ikaona huyu ndiye mwombaji: jina la kwanza Wasifu, jina la ukoo Binafsi. Wiki tatu nilikuwa Bibi Binafsi, hadi ilipokuja barua pepe nyingine kumjulisha Wasifu kwamba safari hii hakubahatika.

Mtoto wa kaka yangu, ambaye ndiye fundi wangu wa mambo haya, alicheka mpaka akashika ukuta. "Lakini Shangazi, kwani wangedhani umewatumia nini, kadi ya harusi? Wanajua ni wasifu. Anza na jina."

Nimeanza na jina tangu siku hiyo. Ila kila nikinung'unika kuhusu mifumo hii, kijana huyu huniona mtu wa kale anayelilia bahasha, na hapo ndipo tunapokosana. Makaratasi nayajua kwa undani kuliko yeye. Miaka tisa nilikuwa karani wa masijala, kwenye kile kidirisha ambacho waombaji wote wa kazi walipitishia barua zao. Siwezi kuyalilia. Nimeona yalivyofanya.

Zikitangazwa nafasi mbili, tulipokea bahasha mia tatu, mia nne. Kila moja inafunguliwa kwa kisu cha karatasi, barua inagongwa muhuri wa IMEPOKELEWA, kisha inaandikwa kwenye rejista: namba, tarehe, imetoka kwa nani, inahusu nini, amekabidhiwa nani. Bahasha haitupwi. Inabanwa nyuma ya barua, maana muhuri wa posta ndio shahidi wa siku iliyotumwa. Kero yangu ilikuwa zile bahasha ndefu za milimita 110 kwa 220, ambazo A4 haiingii mpaka ikunjwe sehemu tatu, na karatasi ikishakunjwa hivyo haikubali tena kulala kwenye faili. Waliojua mambo walileta bahasha kubwa, karatasi imenyooka kama ilivyotoka kwenye printa.

Barua zenyewe zilifanana kama ndugu. Yah: Maombi ya kazi. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni kijana mwenye umri wa miaka kadhaa, niko tayari kufanya kazi mahali popote, natanguliza shukrani, wako mtiifu. Ungeweza kuzisoma umefumba macho. Kilichonisimamisha mara nyingi kilikuwa pembeni, kwenye pambizo, mahali ambapo hakuna aliyekuambia uandike kitu. Mtu amekumbuka jambo, barua imeshachapwa na hana namna ya kuchapa nyingine, basi analiongeza kwa kalamu. "Cheti cha shule kina jina la baba wa kambo, ni mimi yuleyule." "Namba hii ni ya jirani, tafadhali pigeni jioni." Mmoja aliandika: "Mkono wa kulia haufanyi kazi, lakini kwa wa kushoto nachapa maneno arobaini kwa dakika." Barua ya huyo niliinyanyua kwenye rundo nikaipeleka kwa mkuu mwenyewe, kwa miguu yangu.

Na papo hapo ndipo penye uchafu wa karatasi, maana inapita mikononi mwa watu, na watu tuna mapenzi.

Muhuri wetu wa tarehe ulikuwa na vigurudumu vya mpira, siku, mwezi na mwaka, unavizungusha kwa kidole kila asubuhi. Siku moja baada ya muda wa mwisho kupita alikuja kijana amelowa chapachapa. Bahasha alikuwa ameificha ndani ya shati na kuizungushia mfuko wa plastiki, kwa hiyo ilikuwa kavu, yeye ndiye aliyekuwa akidondosha maji sakafuni. Akasema, "Shikamoo mama," akaipitisha, akanyamaza. Hakuomba, hakujieleza. Nikaangalia nyuma, hakuna mtu. Nikarudisha kigurudumu cha siku jino moja, nikagonga.

Wiki ileile akaja dada mmoja, naye amechelewa siku moja kwa tangazo jingine, ila huyu alianza kufoka kabla hajafika dirishani. Kwamba foleni, kwamba posta, kwamba sisi ofisi gani. Nikamwambia muda umekwisha, dada yangu. Muhuri ulikuwa mezani palepale. Nimemfikiria yule dada mara nyingi kuliko nilivyomfikiria yule kijana.

Halafu kulikuwa na vimemo. Kipande cha karatasi cha ukubwa wa kiganja, saini, na neno moja: "Mwangalie." Faili lililobanwa kimemo lilijua lenyewe njia ya kupanda juu ya rundo. Yaliyobaki yalisomwa na watu watatu ndani ya chumba kimoja. Asubuhi walisoma kila barua mpaka wako mtiifu. Baada ya chakula cha mchana walisoma mistari miwili. Ikifika saa kumi jioni walikuwa wanatazama mwandiko wa kwenye bahasha na kuamua.

Na ile droo ya chini. Matangazo yote yalisema nakala za vyeti, lakini kila awamu kulikuwa na watu waliotuma vyeti halisi, labda kwa haraka, labda wakidhani ndiyo heshima. Nilivitoa kwenye mafaili nikaviweka pembeni visipotee. Vilifika 15. Wenyewe wote niliwaandikia barua, wakaja wanne. Siku naondoka kazini, 11 vilikuwa bado humo, vimefungwa kwa rababendi. Nilimkabidhi aliyenipokea kwa maandishi, nikamsainisha.

Kwa hiyo kijana akinihubiria kwamba mtandao umeondoa umbali, foleni na vyeti kupotea, simbishii. Adobe walipotoa PDF mwaka 1993 shabaha ilikuwa ukurasa uonekane vilevile kwa kila anayeufungua, kwa kompyuta yoyote, na kwa mtafuta kazi hilo si jambo dogo. Hailowi. Ukiituma mara hamsini, ya kwanza bado unayo. Namba ya kupokelewa inakufikia kabla hujainua mkono, na hakuna karani wa kuipenda au kuichukia salamu yako. Yule dada aliyenifokea angefoka nyumbani kwake mbele ya skrini, na maombi yake yangepokelewa.

Kilichonigeuza ni ukurasa wa nne wa fomu moja.

Kazi niliiacha ili nimuuguze mama. Ilichukua miezi 14. Baada ya msiba nikaanza kutafuta, na matangazo yote niliyoyaona yalisema kitu kimoja: maombi yatumwe kupitia mfumo, barua za mkono hazitapokelewa. Haya. Mfumo huu ulikuwa na kurasa saba. Fungua akaunti. Nywila iwe na herufi kubwa, tarakimu na alama. Pakia CV. Nikapakia. Kisha ukaniambia nijaze, sehemu moja baada ya nyingine, kila kitu kilichomo kwenye CV niliyotoka kupakia. Sijapata mtu wa kunieleza sababu yake. Ni kama mimi ningepokea bahasha yako dirishani, nikaiweka kando, halafu nikakuambia haya, sasa nisomee.

Cheti changu kilichoskaniwa kilikuwa megabaiti sita, wao wanataka zisizidi mbili. Kijana alikibana mara tatu mpaka kikakubali kuingia, na muhuri ukawa doa la bluu.

(Kama umekuja hapa kutafuta msaada badala ya kusikiliza manung'uniko ya shangazi wa mtu, haya ndiyo niliyofundishwa nayo yamenisaidia. Jina lako mstari wa kwanza, peke yake. Usigawe ukurasa kwa safu mbili wala usitumie majedwali, kwa sababu programu nyingi husoma moja kwa moja toka kushoto kwenda kulia na kuchanganya kazi yako ya mwaka huu na shule uliyosoma. CV iliyopigwa picha au kuskaniwa ni picha tu, na programu isiyo na uwezo wa kutambua maandishi ndani ya picha inaiona tupu. Tumia maneno yaleyale ya tangazo pale yanapokuhusu kweli: wakisema "utunzaji wa kumbukumbu" usiwaandikie "mambo ya mafaili". Na majibu marefu yaandike kwanza mahali pengine, ndiyo uyabandike, kwa sababu ukikaa unafikiri muda mrefu mfumo unakutoa nje na kila kitu kinafutika. Mimi umenitoa mara mbili. Nafikiri polepole.)

Ukurasa wa tatu uliniuliza: Taaluma, chagua moja.

Kuna barua ya kuomba kazi ambayo huikumbuka nikifika kwenye orodha za namna hiyo. Mnamo mwaka 1482 hivi, Leonardo da Vinci, huyu tunayemjua leo kwa uchoraji, akiwa na miaka kama 30 alimwandikia Ludovico Sforza, mtawala wa Milan. Aliyapanga anayoyaweza kwa namba hadi kumi, na karibu yote ni ya vita: madaraja mepesi ya kubebeka, kuchimba njia za chini kwa chini, mizinga, magari yaliyofunikwa ya kupenya katikati ya maadui. Namba kumi ndiyo ya wakati wa amani, majengo na kupitisha maji, na uchoraji ukaja mkiani, kama jambo ambalo mtu analikumbuka akiwa ameshashika kitasa cha mlango. Alijua mwajiri anahitaji nini, akaanza na hilo. Nakala iliyopo ni rasimu, na mwandiko unaaminika si wake: ameandikiwa. Nilipolijua hilo nilifurahi sana, maana ni wangapi waliokuja dirishani kwangu na barua za kuandikiwa, wakinong'ona kwa aibu.

Sasa mweke bwana huyo mbele ya "chagua moja". Mchoraji? Mhandisi? Angebofya "Nyingine", kama sisi sote.

Ukurasa wa nne ni historia ya ajira. Mfumo ulikuwa umeshapiga hesabu yake ya miezi kati ya tarehe niliyoacha kazi na siku ile, ukaniwekea nyota nyekundu. Eleza pengo. Chagua sababu: masomo, mkataba kuisha, kupunguzwa, kustaafu, nyingine. Nikachagua nyingine, kikafunguka kijisanduku. Nikaandika: Nilimuuguza mama hadi alipofariki.

Hakikupokea. Yaani kilipokea mpaka "alipofar" kikagoma. Nabonyeza i, haiingii. Nikadhani ni kibodi, nikafuta yote, nikaandika upya polepole. Nilimuuguza mama hadi alipofar. Ndipo nikaona chini yake, kwa maandishi ya kijivu madogo kama sisimizi: 30/30.

Nafasi kati ya maneno nazo zinahesabiwa. Nikavua miwani, nikaifuta, nikaanza kuhesabu kwa vidole kama mtoto. "Kumuuguza mzazi" ingeingia vizuri tu, lakini anayesoma angedhani bado namuuguza, na kwamba akiniajiri nitaomba ruhusa kila wiki. "Matatizo ya kifamilia" nayo ingeingia, ila hiyo naijua. Niliisoma dirishani miaka tisa na nilijua watu watatu wa chumbani huiwekea tafsiri gani. Kijana alikuwa kando yangu, kimya, si kawaida yake. Mwishowe nikaandika:

Nilimuuguza mama, akafariki

Ishirini na saba. Ile koma niliitazama kwa muda mrefu kiasi kwamba mfumo ulinitoa nje, hiyo ndiyo ile mara ya pili.

Kwenye karatasi ningetumia mistari mitatu, si zaidi. Ningesema kwamba nilikuwa na daftari la dawa, saa, kipimo, nani ametoa, na saini, na kwamba wauguzi waliokuja zamu mpya walikuwa wanaliuliza daftari langu kwanza. Hiyo ni kazi ya masijala. Nilikuwa kazini miezi yote 14, ila fomu haikuwa na pa kuiweka.

Wala sikuwa nababaika bure kuhusu hilo pengo. Ripoti ya mwaka 2021 ya Harvard Business School na kampuni ya ushauri ya Accenture, iliyowahusu watu wanaoachwa nje na mifumo ya kuajiri, ilieleza kwamba karibu nusu ya makampuni yaliyoulizwa huchuja wenye pengo la zaidi ya miezi sita. Linachujwa pengo lenyewe, liwe la kujifungua, la kuugua au la kuuguza.

"Ila mashine haina vimemo, Shangazi," kijana akaniambia usiku ule, kunifariji. Nami nimeifikiria hoja yake kwa haki, kwa sababu vimemo navijua uzito wake. Lakini mwaka 2018 Reuters waliripoti kwamba Amazon walikuwa wametengeneza programu ya kupanga CV kwa ubora, wakaachana nayo. Waliifundisha kwa CV walizopokea ndani ya miaka kumi, na nyingi zilikuwa za wanaume. Programu ikajifunza kwamba wanaume ndio wanaofaa, ikawa inazipunguzia alama CV zenye neno la kuonyesha mambo ya wanawake, hata kama ni chama cha sataranji cha wanawake. Hakuna aliyeiandikia "Mwangalie". Ilisoma mafaili ya zamani ikaelewa wenyewe walikuwa wanamwangalia nani. Ningekuwa mimi nimeipa mafaili ya miaka yangu tisa, ingejifunza na vigurudumu vyangu.

Akafikiri kidogo. "Basi bora zote mbili zife," akasema, akaenda kulala.

Niliwasilisha. Kwa wiki tano akaunti yangu iliandika "Inashughulikiwa", na taarifa zote zilitoka kwenye anwani iliyosema usijibu barua pepe hii. Zamani mtu alikuja dirishani akauliza, nami nilifungua rejista, nikapitisha kidole, nikamwambia: barua yako ilitoka hapa tarehe 12, iko mezani kwa fulani. Haikumpa kazi. Ila alijua mlango gani.

Kisha wakanipigia. Mtu mzima, mwenye sauti, na akanitaja kwa jina langu.

Chumba cha usaili kilikuwa na meza ndefu na watu watatu, na mbele ya kila mmoja kulikuwa na maombi yangu, yamechapishwa kwenye A4 na kubanwa pembe ya kushoto. Kurasa saba. Mfumo wote ule, nywila na nyota nyekundu na megabaiti, na siku ya kuamua wamechapisha. Nilitaka kucheka, nikajizuia kwa kumwamkia mwenyekiti, mzee wa makamo mwenye kalamu mbili mfukoni.

Karani wa masijala hujifunza kusoma kichwa chini, maana karatasi nyingi humjia zimeelekea kwa mwenzake. Nilisoma. Yule mama aliyekaa katikati alikuwa amefungua ukurasa wa nne. Maneno yangu 27, nayaita maneno lakini ni herufi, yalikuwa yamezungushiwa duara kwa wino wa bluu, na kando yake, kwenye pambizo, kwa mwandiko wa haraka uliolalia kulia: "Miezi 14 peke yake? Muulize."

Akainua macho. Mimi nilikuwa nimeshaanza kumweleza kuhusu daftari.